Fundi wa Tororo na Barabara ya Utelezi

Nilifika Busia alfajiri, mvua ikiwa imetoka kunyesha, baada ya mwendo wa basi uliotukamata tangu adhuhuri ya jana yake tulipoiaga Mombasa. Na jambo la kwanza kuniingia machoni, kabla ya bendera za dola mbili na kabla ya msururu wa malori uliojinyoosha kuelekea mpakani kama siafu waliozuiwa njia, lilikuwa ni mwendesha baiskeli mmoja aliyesimama katikati ya tope, akamteremsha abiria wake kwa adabu, akainama, akalitoa gurudumu la nyuma upepo kidogo, kisha akampandisha tena bibi yule na kikapu chake cha dagaa, akaenda zake. Nililiandika tukio hilo katika daftari langu kwa mazoea tu, kama niandikavyo bei ya chai na majina ya mito.

Busia ni mji wa jina moja na serikali mbili. Waendesha baiskeli wa hapa ndio waliolizaa, yapata miaka ya 1960, neno bodaboda, walipokuwa wakiwaita wasafiri wapande ili wavushwe kutoka mpaka hadi mpaka, kwa neno la Kiingereza lililokunjwa na ndimi za wenyeji hata likawa letu. Na neno hilo limekwisha kusafiri masafa yote nchini Kenya, ambako kijana wa Likoni hulitamka kila siku asijue kwamba linanuka tope la Busia. Zamani, waniambia waliokuwako, msafiri aligongewa muhuri upande mmoja, akatembea kwa miguu baina ya nchi na nchi, akapanga foleni ya pili; lakini tangu mwaka 2018, marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walipokizindua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani, kazi hiyo yote hufanywa chini ya paa moja, nami nilivuka kwa muda usiotosha hata kumaliza mahamri mawili niliyonunua kwa mama mmoja Mteso aliyenisalimu kwa Kiswahili safi kuliko changu cha usingizini.

Nia yangu ilikuwa Tororo. Rafiki yangu mmoja wa Mombasa, mpenzi mno wa mashindano ya magari, alikuwa amenitajia mara nyingi fundi mzee wa huko, ambaye, kwa maneno yake, hutengeneza gari la kukimbia matopeni kama vile wazee wetu walivyotengeneza jahazi. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa pwani, niliyelelewa na habari za tanga na demani kuliko habari za springi na shoki, mfano huo ulinikaa moyoni miaka kadhaa hata nikaona sina budi kwenda nikahakikishe, ama niuthibitishe ama niukanushe.

Njia ya Tororo hupanda polepole kutoka nchi ya Wasamia na Wagwe, ikipita mashamba ya mihogo na mabonde ya matete, na mara, kabla mji wenyewe haujaonekana, hujitokeza lile jabali. Sijui namna ya kulieleza kwa asiyeliona ila kusema kwamba ni kama mtu aliyesimama katika kundi la watu waliokaa. Wanajiolojia husema ni kiini cha volkeno iliyokufa, ambacho udongo laini uliokizunguka ulimomonyoka na kukiacha peke yake, na kilele chake kipo takriban mita 1,483 juu ya usawa wa bahari. Chini yake umelala mji wenye njia panda ya reli, ambapo tawi moja hushika Kampala na jingine hupinda kwenda Mbale na Soroti, na penye kiwanda cha saruji ambacho vumbi lake, siku za kiangazi, huyapaka majani ya miti rangi ya majivu. Siku ile majani yalikuwa yameoshwa.

Nilimkuta mzee gerejini kwake, banda la mabati lenye mlango mmoja mpana wa mbao uliojaa maandishi ya chaki: tarehe, tarakimu, alama za msalaba na mishale, ambayo kwanza niliyadhania kuwa ni madeni ya wateja. Alikuwa Mjapadhola wa umri wa miaka sabini hivi, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha gereji za zamani, ambacho hakina haraka na hakina woga wa neno lolote, liwe la Kihindi au la Kiingereza, maadamu kitu chenyewe chaweza kushikwa kwa mkono. Alikuwa amekipata, pamoja na ufundi wake, kwa Kalasinga mmoja aliyemwajiri akiwa mtoto wa kushika taa chini ya magari, hadi mwaka 1972, Idi Amin alipowapa watu wenye asili ya Kiasia siku 90 waihame nchi, na mwajiri yule akamwachia sanduku la spana na nasaha moja tu: asimwazime mtu spana namba 14.

"Karibu, Bwana," alisema, akilitazama daftari langu. "Wewe ni wa kuandika. Mimi tope langu haliandikiki."

Katikati ya banda, juu ya mawe, lilikuwa limeinuliwa gari: Toyota Corolla ya mwanzo wa miaka ya 1980, ile yenye injini mbele na magurudumu ya nyuma ndiyo yasukumayo, mali ya mpwa wake, kijana wa miaka ishirini na kitu aliyekuwa akijitayarisha kwa mashindano madogo ya mkoani. Magari makubwa ya mashindano nchini Uganda siku hizi aghalabu ni Subaru na Mitsubishi zenye kusukuma magurudumu yote manne, na kijana hakuficha kwamba angalitamani moja. Lakini mzee alisema, pasi na kejeli, kwamba mwenye kujifunza na aanze na gari ambalo makosa yake hayasitiriki.

Tulikunywa chai, na aghalabu penye chai fundi wa makamo yale huanza na tarihi. Alinikumbusha, kama kwamba yalikuwa mambo ya juzi, zile mbio za Safari zilizoanzishwa mwaka 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zilizopita katika ardhi ya Kenya, Uganda na Tanganyika, na ambazo baadaye zikawa zikifanywa wakati wa Pasaka, yaani masika ikiwa imeshika, kwa makusudi ama kwa ukaidi. Alijua kwamba mwaka 1954 Vic Preston na D. P. Marwaha walishinda kwa Volkswagen, na mwaka 1962 Tommy Fjastad naye kwa Volkswagen, na aliposema hivyo alinitazama akingoja niulize kwa nini kigari kile kama kobe kiliyashinda magari yenye nguvu maradufu. Nikauliza. "Injini yake iko wapi?" alijibu kwa swali. Iko nyuma, juu ya magurudumu yasukumayo; na gurudumu lisukumalo pasipo uzito juu yake, matopeni, ni mtumishi asiye na mshahara.

Aidha alizijua zile Safari mbili, ya 1963 na ya 1968, ambazo kila moja ilimalizwa na magari saba tu, na zote mbili zikachukuliwa na Nick Nowicki na Paddy Cliff katika Peugeot 404; katika ile ya 1963 yalikuwa yameondoka magari 84. Alicheka hadi akavua miwani alipoeleza namna Erik Carlsson wa Sweden, mwaka 1964, gari lake la Saab lilipozama topeni, alivyolipindua kusudi, likabingirika kutoka shimoni kama gogo, likasimama tena kwa magurudumu yake, akaenda kupata nafasi ya pili. Na kila alipomtaja Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyeshinda mwaka 1965, 1974 na 1976, aliongeza neno "fundi" baada ya jina, kwa taadhima, kwani bwana yule hakuwa dereva aliyeletewa gari. Alilijua kwa vidole. Shekhar Mehta naye, mzaliwa wa Uganda, aliyeshinda mara tano kuanzia 1973, mzee alimhesabu kuwa ni mtu wa kwao, na sikuona sababu ya kumbishia.

Sasa niseme kazi yenyewe, ambayo ndiyo iliyonileta.

Wengi wetu, na mimi nikiwamo, twadhani kwamba gari la mashindano ni gari lililokazwa: springi ngumu, shoki ngumu, kitako karibu na ardhi. Hilo ni kweli juu ya lami, ambako tairi hushika kwa nguvu na gari hulazimishwa kulala ubavu, hata likihitaji kuzuiwa. Lakini mzee aliniambia, akiwa amelala chini ya ekseli ya nyuma na sauti yake ikitoka kama kisimani: "Watu wakiona utelezi hukaza. Hukaza springi, hukaza shoki, hukaza na usukani kwa mikono miwili. Mimi nafungua."

Akafungua kweli. Kwanza aliziondoa springi za nyuma alizozitumia kijana katika mashindano ya kiangazi, akatia nyingine laini zaidi na ndefu kidogo, hata gari likainuka kama mtu apandishaye shuka avuke kijito. Kisha akaitoa stabilaiza ya nyuma, ile fito ya chuma iunganishayo gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale katika kona, akaitundika ukutani. Ya mbele akaiacha. Nilimwuliza hikima yake, naye akanieleza kwa kutumia mizani ya mwuza samaki, maelezo ambayo nayafupisha hivi: tairi likitwikwa uzito maradufu, kushika kwake hakuwi maradufu, bali hupungukiwa kidogo, kwa hivyo, gari likiwa katika kona na uzito ukahama mno kutoka tairi la ndani kwenda la nje, jozi ile ya matairi, kwa jumla, huingia hasara. Uhamaji wa uzito wote wa gari hauzuiliki, maadamu gari lina kimo na kona ni kona, lakini fundi aweza kuamua ni jozi ipi iubebe zaidi, kwani upande ulio mgumu ndio ubebao. Gari hili lasukuma kwa nyuma. Basi nyuma ilegezwe, mbele ibebe, na matairi mawili ya nyuma yabaki yakigawana mzigo kama ndugu waliosikizana.

Nikamwambia kwamba kwetu pwani, chombo kikiwa katika tanga na upepo ukazidi ghafula, nahodha haivuti demani, huilegeza, tanga likamwaga upepo, chombo kikasimama wima tena. Mzee alitoka chini ya gari akakaa kitako.

"Na akiilegeza mno?"

"Tanga hupigapiga tu, na chombo hakiendi."

"Basi hiyo ndiyo shoki," alisema, akarudi chini.

Na hapo ndipo palipokuwa kitovu cha elimu yake, kwa maana springi kila mtu aweza kubadili, ila shoki hutaka sikio. Shoki ina kazi mbili: huzuia springi isibonyee kwa haraka, tena huizuia isirudi kwa haraka. Kazi ya kurudi ikikazwa mno, gurudumu lililopandishwa na shimo la kwanza halijawahi kushuka chini likikutana na la pili, na baada ya mashimo matatu gari limeketi juu ya mpira wake na tairi halina tena wa kulikandamiza ardhini. Ikilegezwa mno, gari hudunda kama ng'ombe aliyefunguliwa kamba. Shoki alizokuwa nazo, zilizonunuliwa kuukuu, zilikuwa na kifundo cha kuzungusha ambacho kila hatua hutoa mlio mdogo, tik, na hesabu yote ya mzee ilikuwa kwa milio hiyo, kuanzia mwisho wa kulegea. Wakati wa kiangazi, nyuma, kurudi: milio kumi. Sasa akaziteremsha hadi minne. Akachukua chaki, akaandika mlangoni, nami nikaandika daftarini.

Katika matairi hakukawia. Tairi jembamba lenye meno mapana hukata tope na kuitafuta sakafu ngumu iliyo chini, ilhali pana huelea juu yake kama ungo. Upepo akaupunguza kutoka paundi 30 hadi 22, akaonya kwamba chini ya hapo tairi huenda likang'oka kwenye rimu katika kona, na hapo ndipo nilipomkumbuka mtu wa baiskeli wa Busia. Tairi la akiba, jeki na dumu la maji vikafungwa nyuma kabisa, kwa hoja ileile ya Volkswagen. Kuhusu difu, kijana alikuwa akitaka ichomelewe, kama wafanyavyo wengi wasio na fedha za kununua ile izuiayo gurudumu moja kuzunguka bure peke yake. Mjomba wake akakataa katakata, akisema kwamba difu iliyochomelewa hulilazimisha gari kwenda mbele hata pale dereva anapoliomba lipinde.

Adhuhuri tukatoka kwenda kujaribu, katika njia za udongo zilizo upande wa vilima vya Sukulu, ambavyo wanajiolojia huvitembelea kwa ajili ya fosfati yake na wakulima huvipita bila kuvitazama. Mzee, ambaye ana tabia ya kutokuamini maneno hata yakiwa yake, alitaka kwanza nionje gari lililokazwa. Kwa hiyo alikuwa amepakia katika pikapu ya jirani zile springi za kiangazi na stabilaiza, na vijana wake wawili wakazirudisha palepale kando ya njia, wakiwa wametandika gunia chini ya migongo yao. Nikakaa kiti cha abiria. Kijana akaondoka kwa upole wa kutosha, nasi tulipoingia kona ya kwanza, penye udongo mweusi wa bondeni uliokuwa unang'aa kama ngozi ya pomboo, kitako cha gari kikataka kututangulia, akakirudisha, kikataka kwa upande wa pili, na tuta la miwa lilipotupokea nilikuwa nimekwisha kuisoma nusu ya Yasin. Hapakuwa na dhara ila katika heshima yangu.

Kisha gari likalegezwa tena, na kwa njia ileile, kona ileile, kijana yuleyule, nilipata kuhisi jambo ambalo sikuwa nimelitarajia: gari lilikuwa likienda taratibu zaidi kwa macho na haraka zaidi kwa saa. Liliinama, likajilaza kidogo, likangoja uzito wake ufike mahali pake, ndipo likashika. Teke la ghafula halikuwapo tena. Kijana aliingiza mafuta kidogo kidogo, kama mtu atiaye chumvi katika mchuzi wa mgeni, na nyuma ilisukuma bila kuchepuka. Mjomba wake alikuwa amesimama juu ya kichuguu na saa mkononi. Tulipofika hakututajia tarakimu, alitikisa kichwa tu, na kijana akajua maana yake.

Lakini huo ni utelezi mmoja, na mzee alikuwa na wa pili wa kunionyesha. Jua lilipotoka, njia ya mlimani, ambayo haina tope bali marami nyekundu iliyokandamizwa na malori hata ikawa kama sahani, ilikauka kwa saa moja; ikang'aa, na juu yake zikabaki chembe za kokoto ndogo zilizoviringika chini ya tairi kama njugu mawe. Mtu angalidhani kwamba barabara kavu ni salama, na hapo ndipo wengi huumbuka. Hakuna tope la kukata, hakuna sakafu ya kutafutwa, kwani sakafu ndiyo hiyo. Yale matairi membamba yenye meno makubwa yaliyumba juu yake kama viatu vya visigino virefu, na mzee akayabadili akatia mapana kidogo, yenye meno madogo yaliyokaribiana. Springi hakuzigusa, kwa hoja ambayo naiona kuwa ndiyo ya ndani kabisa katika yote aliyonifunza: mahali pasiposhika, gari halipati nguvu ya kulilaza wala ya kulisukumia uzito nyuma, na likiwa gumu huteleza lote kwa pamoja kama kipande cha ubao, pasipo kumpa dereva habari yoyote; bali likiwa laini, hata nguvu ndogo hulitikisa, na mtikisiko huo ndio habari. Ni shoki tu alizoongeza milio mitatu ya kurudi, zikawa saba, kwa kuwa mashimo yalikuwa machache na mdundo hauna faida. Akaandika mkononi mwake kwa kalamu, na baadaye mlangoni kwa chaki: tope 4, kavu ing'aayo 7, kiangazi 10.

Nilipomwambia kwamba nimeyaandika yote, alicheka. Akasema kwamba kuna watu waliowahi kuja kunakili mlango wake, wakaenda kuweka tarakimu zilezile katika magari mengine, na wakarudi kumlaumu.

Usiku nililala katika nyumba ya wageni karibu na stesheni. Kabla ya saa sita za usiku ikaja mvua kutoka upande wa Mbale, mvua ya Mlima Elgon, yenye upepo wa kupiga ubavuni, na mabati juu ya kichwa changu yakawa hayasikilizani. Asubuhi nilipita gerejini kuaga. Gari lilikuwa juu ya mawe, kijana ameshika taa, na mzee amesimama mbele ya mlango wake wa mbao, ambao upepo ulikuwa umeufungua usiku na mvua ikauosha kuanzia juu hadi chini. Tarehe, mishale, misalaba ya miaka mingi, yote yamekuwa uji mweupe kizingitini.

Aliutazama kwa muda, hakulalamika. Akaniona.

"Bwana," alisema, "hebu lete lile daftari."

Kurasa zilikuwa zimelowa pembeni, lakini wino haukukimbia. Nikasoma: nyuma, kulia, kurudi, milio minne. Akapiga magoti, mkono wake ukaingia nyuma ya gurudumu, akalegeza hadi mwisho, akaanza kupandisha, tik, tik, tik, nami nikihesabu kwa sauti. Ulipolia wa tatu akasita, akageuza uso kuitazama njia iliyokuwa nje, ambapo maji yalikuwa bado yakitembea.

"Mvua ya jana ilikuwa ya alfajiri," alisema. "Hii ni ya usiku kucha." Akautoa mkono.

Nikaikata ile 4, nikaandika 3, naye akahamia gurudumu la kushoto.